Neno "Feri" katika Kiswahili cha Likoni: Uhakiki wa Asili na Maana

1. Suala lenyewe

Mtu atokaye Shika Adabu, bara ya kusini mwa Mombasa, akiulizwa asubuhi aendako, hujibu, "Nakwenda feri." Akichelewa kazini kisiwani hutoa udhuru, "Feri imeharibika." Akishafika upande wa pili huwapigia simu watu wake, "Nimeshavuka feri." Na akiulalamikia utaratibu mzima wa usafiri husema, "Feri ya siku hizi haina mpango." Katika sentensi hizi nne neno ni moja, bali maana si moja. Katika ya kwanza feri ni pahali. Katika ya pili ni chombo. Katika ya tatu ni maji yenyewe yavukwayo. Na katika ya nne ni huduma pamoja na watu wanaoiendesha. Msikilizaji wa Likoni hapotei hata mara moja, wala haombi kufafanuliwa.

Juu ya neno hili, na mengine ya jinsi yake, husikika hukumu mbili katika mijadala ya lugha. Hukumu ya kwanza ni ya wale wanaoona kwamba "feri" ni neno la kigeni lililoingia bila ya haja, kwa kuwa Kiswahili tangu hapo kilikuwa na "kivuko". Kwa hiyo litolewe, na lenye haki lirudishiwe nafasi yake. Hukumu ya pili ni ya wale wanaosema kwamba lugha zote hukopa, kwamba kukopa ni dalili ya uhai, na kwamba baada ya kusema hivyo hakuna zaidi la kuchunguza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu zote mbili zimesimama juu ya kosa moja. Zote zinachukulia kuwa asili ya umbo la neno ndiyo asili ya maana yake. Historia ya "feri" yathibitisha kwamba sivyo.

2. Asili ya neno katika Kiingereza

Neno la Kiingereza "ferry" halikuanza kuwa jina la chombo, wala halikuanza kuwa jina la kitu chochote. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na kitenzi "ferian", ambacho maana yake ilikuwa kuchukua au kupeleka kutoka pahali hadi pahali. Kitenzi hiki kilikuwa ni hali ya kusababisha ya kitenzi kingine, "faran", yaani kwenda au kusafiri. Uhusiano wa viwili hivi ni ule ule uliopo katika Kiswahili baina ya "vusha" na "vuka": mmoja avuka, mwingine amvusha. Kwa hivyo mzizi wa neno ambalo Mombasa lilikuja kuwa jina la chombo cha chuma ulikuwa ni tendo la kumfanya mwenzio aende.

Nomino ilifuata baadaye, ikisaidiwa na neno la Kiskandinavia "ferja". Maana yake ya awali ilikuwa njia ya kuvukia maji, au pahali pa kuvukia. Chombo chenyewe kiliitwa kwa jina la maneno mawili, "ferry-boat", yaani mashua ya kivuko, na baada ya muda mrefu neno la pili likaachwa, la kwanza likabaki likibeba mzigo wote. Kijerumani kina "Fähre" kwa chombo hicho hicho, na "fahren" kwa kusafiri. Neno la Kiingereza "ford", yaani pahali pa mto panapovukika kwa miguu, ni la ukoo huo huo. Na kutokana na "faran" kumepatikana "fare", ambalo leo ni nauli alipayo abiria.

Kuhusu nauli pana jambo ambalo wenye kulaumu mikopo hulisahau. Hakuna asemaye kwamba "nauli" ni neno geni litolewe. Hata hivyo lilikuja Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, na Kiarabu kililipata kwa Kiyunani, ambako "naulon" ilikuwa malipo apewayo mwenye chombo kwa kumchukua mtu au shehena. Wayunani wa kale walilitumia pia kwa sarafu aliyotiwa maiti kinywani ili amlipe mvushaji wa mto wa kuzimu. Basi neno ambalo Mswahili alitumia kila siku akipanda matatu limepita lugha mbili kabla ya kumfikia, na hapo kale lilikuwa ni malipo ya kuvukishwa. Lakini kwa kuwa limekaa sana, halishtakiwi.

Jina la Shika Adabu lenyewe ni ushahidi wa namna hiyo. "Shika" ni kitenzi cha Kibantu; "adabu" ni neno la Kiarabu. Kiarabu hulitumia "adab" kwa mwenendo mwema na kwa fasihi pia. Kiswahili kilichukua mwenendo mwema tu, kisha kikatoka nalo kwa njia yake, kikaunda "adabisha" na "tia adabu", ambamo mna maana ya adhabu. Sehemu ya maana iliachwa bandarini, na sehemu nyingine ikazaliwa hapa pwani. Anayetaka kujua jinsi "feri" lilivyofanya maisha yake Likoni hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

3. Umbo lake katika Kiswahili

Kwa upande wa sauti neno hili lilipata wepesi ambao maneno mengi ya Kiingereza hayakuupata. Lina silabi mbili, kila moja ikiwa ni konsonanti na irabu, na mkazo wake uko katika silabi ya kwanza, ambayo katika neno la silabi mbili ndiyo ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo lilitimiza sheria za Kiswahili kabla ya kufika. Halikuhitaji kuongezwa irabu mwishoni kama lilivyohitaji "pantoni", wala kuvunjiwa konsonanti zilizoshikana kama lilivyohitaji "stesheni" katika vinywa vya wale wasemao "sitesheni".

Katika sarufi limewekwa katika ngeli ya "i-" na "zi-": feri imejaa, feri zimejaa. Linapokuwa jina la pahali halipokei kiambishi "-ni". Husemwa "niko feri", kama isemwavyo "niko posta" na "niko stesheni". Hapa limeingia katika kundi la maneno ya mkopo yatajayo pahali pa huduma, ambayo Kiswahili huyatendea karibu kama majina maalumu ya miji. Linapokuwa jina la chombo, msemaji hutafuta maneno mengine ya kulisaidia: "ndani ya feri", "juu ya feri". Kwa hivyo sarufi yenyewe yatenganisha maana ambazo sikio huzidhania kuwa moja.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba neno hili halikuleta kitenzi. Hapana "kuferi" katika Kiswahili cha Mombasa. Kitenzi kilichobaki ni "vuka" na jamii yake: vusha, vukia, vukisha, vukika. Kiingereza kilianza na kitenzi kikaishia na chombo. Kiswahili kilipokea chombo kikakiacha kitenzi mlangoni, kwa kuwa ndani palikuwa na kitenzi chenye nguvu zaidi.

4. Maana iliyozaliwa Likoni

Sasa irudiwe ile sentensi ya tatu, "Nimeshavuka feri." Mtu aweza kudai kwamba hii ni ufupisho wa "Nimeshavuka kwa feri", na kwamba feri hapa ni chombo tu. Dai hilo lapimika kisarufi. Chombo cha kutendea hakiwi yambwa ya "vuka". Aliyevuka kwa mtumbwi hasemi "mtumbwi nimeuvuka". Bali msemaji wa Likoni husema bila ya taabu "feri nimeivuka saa moja", na siku ya msongamano husema "leo feri haivukiki". Miundo hii ni ile ile ya "mto nimeuvuka" na "barabara haivukiki". Kwa hiyo feri hapa si kile kinachovusha. Ni kile kinachovukwa. Ni mkondo wenyewe wa maji baina ya Likoni na kisiwa.

Maana hii haikutoka Uingereza. Mwingereza huvuka maji akiwa ndani ya chombo chake, hasemi kwamba amekivuka. Imezalishwa na kitenzi "vuka", ambacho kidesturi hutaka kitajiwe kizuizi kilicho mbele ya mtu: mto, bahari, mpaka, barabara. Wakazi wa bara ya kusini walipolipata neno lililotaja chombo, pahali na huduma kwa pamoja, kitenzi chao kikalivuta hadi likawa jina la kizuizi. Umbo ni la Kiingereza. Maana hii ni ya Kiswahili, tena ni ya Kiswahili cha pahali panapojulikana. Kamusi ikitia alama moja tu ya kuonyesha kwamba neno limetoka Kiingereza, kisha ikasema ni chombo cha kuvushia watu na magari, imesema kweli juu ya umbo na imeacha nusu ya maana.

5. Maneno yaliyokuwapo kabla

Je, "feri" lilikuta nafasi tupu? Halikukuta. Jina la Likoni lenyewe lajibu. "Liko", kwa wingi "maliko", ni pahali ufukweni ambapo vyombo hufika na watu hushuka. Kwa kiambishi "-ni" pahali hapo pakawa Likoni, yaani kwenye liko. Katika Kiunguja umbo lake ni "diko", na Zanzibar neno hilo lingali hai: wavuvi hupeleka samaki dikoni, na diko la Malindi hujulikana na kila mkazi wa mji. Mombasa neno limeganda ndani ya jina la mtaa. Asemaye "Likoni Feri" amerudia jambo lile lile mara mbili, mara ya kwanza kwa Kimvita na mara ya pili kwa Kiingereza, na ni nadra kumpata atambuaye kwamba amerudia.

Hapa pana somo la historia ya usanifishaji. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa nchi za Afrika ya Mashariki katika mji wa Mombasa wenyewe, na katika mkutano huo Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuisimamia kazi hiyo. Tangu hapo mtoto wa Mombasa alifundishwa shuleni maneno ya Kiunguja, na maneno ya Kimvita ya kazi za ufukweni yakaachiwa wazee. Pengo lililofunguka si la lugha nzima, bali la lahaja moja katika pahali pamoja, na neno la serikali na la kampuni za usafiri lilikuwa tayari kulijaza.

"Kivuko" nalo lina habari yake. Nomino zinazoundwa kwa "ki-" na "-o" zaweza kutaja kifaa, kama "kizibo" na "kifuniko". Na zaweza kutaja pahali, kama "kituo". Kwa hiyo "kivuko" kwa umbo lake laweza kuwa kile kivushacho au pale pavukiwapo. Kiswahili cha nchi mbili kimechagua njia mbili. Tanzania, katika lugha ya serikali na ya magazeti, kivuko ni chombo: Kivuko MV Magogoni, Kivuko MV Kigamboni. Kenya, kivuko kwa kawaida ni pahali, na magazeti huandika "kivuko cha feri Likoni", ambamo kila neno lina kazi yake na hakuna linalomwingilia mwenziwe.

6. Ulinganisho na Dar es Salaam

Mji wa Dar es Salaam watoa ulinganisho wa manufaa, kwa kuwa nao una mkondo wa bandari, bara ya pili, na watu wanaovuka kila siku. Huko chombo katika vinywa vya watu ni "pantoni". Neno hili limetoka Kiingereza, ambacho kililipata kwa Kifaransa, na asili yake ya mbali ni neno la Kilatini la daraja. Pahali pa kuvukia upande wa mjini serikali imepaita Kivukoni, jina linalolingana kabisa na Likoni kwa muundo wake. Watu lakini hupaita Feri. Na Feri hiyo ya Dar es Salaam imekwenda mbali zaidi: ni jina la soko la samaki. Mtu aweza kununua samaki wa Feri, akarudi kwake Kariakoo, asivuke maji wala asiwe na nia ya kuvuka.

Hivyo neno moja la Kiingereza, katika bandari mbili za pwani moja, limepata hatima mbili. Mombasa limekuwa chombo, pahali, huduma na mkondo. Dar es Salaam limekiachia "pantoni" chombo, likawa jina la pahali na la soko. Kama maana ingefuata asili, tofauti hii isingekuwapo, kwa kuwa asili ni moja. Lililotofautiana ni maisha ya watu wa kila bandari, na maneno ambayo kila bandari ilikuwa nayo kabla.

7. Hukumu mbili zapimwa

Hukumu ya kwanza, ya kulitoa "feri" na kuliweka "kivuko", yaonekana nyepesi mpaka itiwe katika mizani. Tarehe 29 Aprili 1994 chombo cha Mtongwe kilipinduka katika maji ya Kilindini, na watu 272 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 chombo cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 200 wakafa. Msiba wa kwanza, katika masimulizi ya Likoni, ni msiba wa feri. Wa pili ulitangazwa Tanzania kuwa ni kuzama kwa kivuko. Msikilizaji wa Likoni, ambaye kivuko kwake ni pahali, alipoisikia habari ya Ukara alilazimika kwanza kulitafsiri neno la lugha yake mwenyewe ndipo aelewe kilichozama. Hili si jambo la kuchekwa. Matangazo ya hatari, maagizo ya kupanda na kushuka, na taarifa za maafa ni mambo ambayo neno lake lapaswa kufahamika mara moja. Kumwamuru mkazi wa Shika Adabu aite chombo kwa jina la pahali, kwa sababu tu jina hilo lina damu ya Kibantu, ni kumwondolea uwazi alio nao na kumpa utata asiouhitaji. Tena neno ambalo watu wamelilia misiba yao haliwezi tena kuitwa mgeni.

Hukumu ya pili, ya kupokea kila kitu bila ya kuchunguza, haina nguvu zaidi. Ni kweli kwamba lugha hukopa, na kwamba deni hulipwa kwa pande zote. Kiingereza kilichukua "safari" kwa Waswahili kikaibana maana yake, ikawa zaidi ni ziara ya kuwinda au kutazama wanyama, hali kwa Mswahili hata mwendo wa kutoka Shika Adabu kwenda Kwale ni safari. Mombasa kuna feri iitwayo MV Safari: jina la aina limetoka Kiingereza, na jina la chombo ni neno ambalo Kiingereza kilitoka nalo pwani hii. Nyinginezo zimeitwa Nyayo, Harambee, Kilindini, Kwale, Likoni na Jambo. Lakini kusema kwamba mikopo ni ya kawaida si kueleza kilichotukia. Swali la mhakiki ni neno gani limekuja, limekaa wapi, na lipi limeondoka. Mwenye kupokea kila kitu haulizi habari za "liko". Na wale walinzi wa lugha nao hawaulizi, kwa sababu macho yao yako kwa mgeni aliyesimama mlangoni, hali mwenyeji ametoka kwa mlango wa uani.

8. Hitimisho

Imeonekana, basi, kwamba "feri" lilitoka katika kitenzi cha kale cha Kiingereza chenye maana ya kuvusha. Kwamba liliingia Kiswahili likiwa nomino tu. Kwamba halikukiondoa kitenzi "vuka", bali lilitiishwa nacho mpaka likapata maana ambayo Kiingereza hakina. Na kwamba hasara iliyopatikana haikuwa katika "kivuko", ambalo lingali na kazi yake, bali katika "liko", ambalo limebaki ndani ya jina.

Yapo mambo matatu yawapasayo watungaji wa kamusi. Kwanza, kidahizo "feri" kipewe maana zake zote, yaani chombo, pahali, huduma na mkondo, na kila maana ionyeshwe ni ya wapi, pamoja na ile ya soko la samaki ya Dar es Salaam. Pili, alama ya asili ifungwe kwenye umbo peke yake, na maana iliyozaliwa katika Kiswahili isemwe kuwa imezaliwa humo. Tatu, "liko" na "diko" viandikwe pamoja, vikielekezana, ili asomaye jina la Likoni au tangazo la diko Zanzibar ajue kwamba ni neno moja.

Kazi hii haiwezi kufanywa kwa kukaa maktabani tu. Maana ya tatu ya "feri", ambayo ndiyo yenye kuhukumu kesi yote, haipatikani ila kwa kuwasikiliza watu wanaoshuka kwenye matatu zitokazo Shika Adabu na Mtongwe, wakiulizana kama feri inavukika.